Wodi Zetu Zinahitaji Hewa Kabla ya Kiyoyozi

Jengo jipya la hospitali linapozinduliwa katika nchi yetu, yapo mambo ambayo hayakosi kutajwa. Hutajwa gharama ya mradi, idadi ya vitanda, chanzo cha fedha na mashine zilizonunuliwa. Kiongozi wa mbio za Mwenge hukagua nyaraka za manunuzi, hugonga ukuta, hutazama vigae na milango, kisha huridhia kuzindua au hukataa. Lipo swali moja ambalo sijapata kulisikia likiulizwa mbele ya kadamnasi: mgonjwa atakayelazwa humu atapata hewa safi kiasi gani? Huenda wengi wakaliona swali hilo kuwa la ajabu. Hata hivyo, lina jibu la namba. Shirika la Afya Duniani liliichapisha namba hiyo mwaka 2009, na kuipuuza kunagharimu maisha ya watu.

Hoja yangu katika makala haya ni moja. Hewa ya wodini ni suala la sera ya umma, sawa na maji na dawa, na tunaipoteza kwa sababu tumeliruhusu neno "kisasa" lifikiri kwa niaba yetu. Mimi si tabibu wala mhandisi. Ninafundisha sera za umma, na kinachonishughulisha ni namna dola inavyoamua kipi kipimwe na kipi kiachwe kwa bahati. Hewa tumeiacha kwa bahati.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mtu mwenye kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, hutoa matone ya ukubwa mbalimbali. Matone makubwa huanguka sakafuni baada ya muda mfupi. Madogo hukauka yakiwa bado hewani, yakabaki chembe nyepesi zinazoelea kwa saa kadhaa, kama vumbi tunaloliona katika mwali wa jua unaopenya dirishani. Mmarekani William Wells alilieleza jambo hilo katika miaka ya 1930. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Richard Riley na wenzake walilithibitisha katika hospitali moja mjini Baltimore. Waliichukua hewa iliyotoka katika vyumba vya wagonjwa wa kifua kikuu, wakaipitisha kwa mabomba hadi kwenye banda la simbilisi lililokuwa juu ya wodi hiyo. Simbilisi hao hawakumgusa mgonjwa yeyote wala hawakula chakula chake. Walivuta hewa ile tu, na wakaambukizwa.

Utafiti huo ulifunua jambo la pili, ambalo kwa msimamizi wa hospitali lina uzito uleule. Wagonjwa waliokwisha kuanza dawa sahihi waliambukiza kwa kiwango kidogo mno kuliko wale ambao hawajatibiwa. Maana yake ni kwamba hatari kubwa haimo katika wodi ya kifua kikuu, ambako kila mtu anajua anachokabiliana nacho. Hatari imo katika wodi ya kawaida, katika benchi la wagonjwa wa nje na katika foleni ya dirisha la dawa, alikokaa mtu anayekohoa na ambaye ugonjwa wake haujajulikana. Mjini Morogoro, shirika la APOPO, likiwa ndani ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, limewafundisha panya buku kunusa makohozi na kuwabaini wagonjwa ambao hadubini ya kliniki iliwakosa. Kazi ya panya hao inatukumbusha kwamba kila siku wapo watu wanaopita katika vituo vyetu wakiwa na ugonjwa huu, wakaondoka na karatasi isemayo hawana. Barakoa haiwezi kuvaliwa dhidi ya mgonjwa usiyemjua. Hewa inayopita wodini humlinda kila mtu bila kuuliza nani ana nini.

Sasa tuitazame namba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 kuhusu upitishaji wa hewa kwa njia ya asili unapendekeza lita 60 za hewa safi kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika wodi za kawaida na sehemu za wagonjwa wa nje. Kwa vyumba vya magonjwa yanayoenea kwa hewa, kiwango ni wastani wa lita 160. Ichukue wodi yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Ndani yake kuna mita za ujazo 180 za hewa. Wakilazwa wagonjwa 10, wodi hiyo inahitaji lita 600 kwa sekunde, yaani hewa yote iliyomo ibadilishwe mara 12 kwa saa. Kwa kasi hiyo, asilimia 99 ya chembe zilizoachwa hewani na kikohozi kimoja huondoka katika muda wa dakika 23. Katika chumba kilichofungwa, ambacho hewa yake hubadilika mara moja tu kwa saa, kazi hiyohiyo huchukua zaidi ya saa nne na nusu, na katika muda huo mgonjwa hakuacha kukohoa.

Tuongeze hali halisi tunayoifahamu sote. Wagonjwa wakilala wawili kitanda kimoja, watu ndani ya kuta zilezile wanakuwa 20, na mahitaji ya hewa yanakuwa maradufu. Msongamano wodini huzungumzwa kama kero na fedheha, na ni kweli ni fedheha. Lakini pia ni hesabu ya maambukizi. Kila kitanda kinachoongezwa bila dirisha hupunguza fungu la hewa la kila aliyelala humo.

Je, madirisha ya kawaida yanaweza kuifikia namba hiyo? Jibu lilitoka mjini Lima, Peru, nchi ambayo imeteswa na kifua kikuu kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Roderick Escombe na wenzake walichapisha vipimo vya vyumba 70 katika hospitali 8 za mji huo. Madirisha na milango ilipofunguliwa, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa kwa kipimo cha kati, ilhali vyumba vilivyotegemea mashine vilikadiriwa kubadilisha hewa mara 12. Majengo ya kabla ya 1950, yenye dari za juu na madirisha makubwa, yalifika mara 40. Majengo mapya zaidi yalifika mara 17. Watafiti hao walikadiria kwamba mtu akikaa saa 24 pamoja na wagonjwa ambao hawajatibiwa, uwezekano wa kuambukizwa ni asilimia 39 katika chumba cha mashine, asilimia 33 katika jengo jipya lenye madirisha, na asilimia 11 katika jengo la zamani. Rejea tena mfuatano huo. Jengo la zamani, ambalo kwa lugha ya wahandisi wetu wengi lingekwisha pangiwa kubomolewa, lilikuwa salama kuliko mengine yote.

Kosa la hewa linapokutana na udhaifu wa mwili, matokeo yake huwa mazito. Mwaka 2006 dunia ilisoma habari za Tugela Ferry, eneo la vijijini katika jimbo la KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wagonjwa 53 walibainika kuwa na kifua kikuu sugu kwa dawa karibu zote zilizokuwapo. Wagonjwa 52 kati yao walifariki dunia, wengi katika wiki chache tu tangu makohozi yao yachukuliwe. Wote waliopimwa virusi vya Ukimwi walikuwa navyo, na zaidi ya nusu hawakuwa wametibiwa kifua kikuu hapo kabla. Ushahidi ulielekeza kwenye maambukizi ya ndani ya hospitali, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watumishi wa afya. Watu walikwenda kutafuta uzima wakakutana na mauti wodini.

Tanzania imo katika orodha ya nchi 30 zinazobeba mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu duniani. Basi nauliza: katika miaka hii ambayo tumejenga vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa kasi ambayo haijapata kuonekana, tumejenga nini kuhusu hewa?

Tazama dirisha la alumini la kusukuma, lile ambalo limekuwa alama ya jengo la kisasa kuanzia benki hadi zahanati. Kioo kimoja husukumwa nyuma ya kingine. Kwa umbo lake, haliwezi kamwe kufunguka zaidi ya nusu, na wavu wa mbu unaobaki bila kusafishwa huila sehemu ya nusu hiyo. Dirisha la luva au la mbao la bawaba, ambalo tunaling'oa kwa kuliona la kishamba, hufunguka karibu lote. Tazama dari ya jipsamu iliyoshushwa ili chumba kipendeze. Tazama baraza lililozibwa ili kupata ofisi moja zaidi, na kwa kitendo hicho madirisha ya upande mzima wa wodi yakawa yanatazama ukuta. Hewa hupita pale tu panapokuwa na pa kuingilia na pa kutokea. Dirisha la upande mmja peke yake ni nusu ya kazi.

Na juu ya yote kuna kiyoyozi. Kile cha ukutani, ambacho ndicho kinachofungwa katika majengo yetu mengi, hakileti hewa mpya kutoka nje. Huivuta hewa ya chumbani, huipoza, na huirudisha mumo humo. Ili kifanye kazi vizuri, madirisha hufungwa. Kwa hiyo tunapokifunga katika chumba cha wagonjwa bila mfumo wowote wa kuingiza hewa, tunanunua ubaridi na kulipa kwa hewa. Kejeli yake ni kwamba vyumba vya daraja la kwanza, ambavyo mgonjwa hulipia zaidi, ndivyo vinavyofungwa zaidi.

Simaanishi kwamba zamani kulikuwa kwema. Hospitali ya Ocean Road jijini Dar es Salaam, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897 mbele ya Bahari ya Hindi, ikiwa na mabaraza yake yanayopokea upepo, ilijengwa kwa ajili ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walikuwa na hospitali yao, iliyopewa jina la Sewa Haji, mfanyabiashara aliyeitolea fedha. Tangu awali, basi, hewa nzuri katika nchi hii iligawanywa kwa tabaka na rangi. Waliopanga majengo yale walijua kwamba upepo ni tiba, wakajichukulia wao. Jambo la kusikitisha ni kwamba sisi, tuliopata uhuru wa kujijengea wenyewe, tumeirithi mitindo ya majengo ya nchi za baridi, ambako dirisha hufungwa ili joto lisitoke, tukaileta katika nchi ambayo neema yake kubwa ni upepo.

Janga la UVIKO-19 lilipaswa kutufundisha. Tarehe 28 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwa umma kwamba ugonjwa huo hauenei kwa hewa. Mwezi Julai mwaka huohuo wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi kupinga msimamo huo, na hatimaye shirika lenyewe likabadilika. Lakini ujumbe wa mwanzo ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Kila mlango wa ofisi ulipata ndoo ya maji na sabuni, na hilo lilikuwa jema kwa magonjwa mengine. Mwaka 2021 tukapata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na serikali ikatangaza mpango wa shilingi trilioni 1.3 uliojenga madarasa 15,000, pamoja na vyumba vya wagonjwa mahututi na majengo ya dharura. Fedha zile zilikuja kwa jina la ugonjwa wa hewa. Mjadala wetu wa hadhara ulihusu idadi ya majengo, kasi ya ujenzi na uadilifu wa matumizi. Yote hayo ni mambo ya haki kuyajadili. Hewa haikuwa ajenda.

Najua majibu yatakayotolewa, na mengine yana uzito. Muuguzi wa Makete au Njombe atasema kwamba usiku wa Julai hakuna mgonjwa atakayekubali dirisha wazi. Ni kweli, na hapo suluhisho ni blanketi za kutosha katika bajeti, pamoja na matundu ya juu karibu na dari yanayopitisha hewa bila kumpulizia aliyelala. Muuguzi wa Kilombero atasema habari za mbu. Naye ana haki, kwa kuwa malaria huua. Lakini chandarua juu ya kitanda humkinga mgonjwa bila kuzuia upepo wa wodi nzima, na wavu wa dirishani, ukiwa lazima, usafishwe, na dirisha liongezwe ukubwa kufidia hewa inayozuiliwa. Wengine watasema upepo hauna ratiba, kuna nyakati hutulia kabisa. Kwa nyakati hizo zipo feni za kutolea hewa nje, na zipo taa za miale ya urujuanimno zinazowekwa juu karibu na dari, mbali na macho ya watu. Utafiti uliofanyika eMalahleni, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba taa hizo zikisaidiwa na feni ya kuchanganya hewa zilipunguza maambukizi ya kifua kikuu kwa takribani asilimia 80. Zinahitaji umeme na matunzo, kwa hiyo hazifai kuwa kisingizio cha kuziba madirisha. Vyumba vya upasuaji na vya wagonjwa mahututi vina mahitaji yake ya mitambo, na hoja yangu haivihusu.

Nini kifanyike? Kwanza, kiwango cha hewa kwa kila mgonjwa kiandikwe katika ramani na mikataba ya ujenzi wa vituo vya afya, na jengo lisipokelewe kutoka kwa mkandarasi kabla hewa yake haijapimwa. Tunapima zege, tupime na hewa. Pili, kila hospitali ya wilaya iwe na kipimo cha hewa ukaa. Ni kifaa kidogo kinachoshikika mkononi. Hewa ya nje huwa na takribani sehemu 420 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni. Kifaa kikisoma 2,400 ndani ya chumba, maana yake ni kwamba takribani pumzi moja kati ya kila 20 unazovuta imekwisha kutoka katika mapafu ya watu waliomo humo. Namba hiyo haihitaji shahada ili ieleweke. Tatu, sehemu za kungojea wagonjwa wa nje zihamishiwe kwenye mabanda yaliyo wazi, yenye paa na mabenchi. Hilo ni jambo ambalo halmashauri inaweza kulifanya kwa mapato yake ya ndani. Nne, mabaraza yaliyozibwa yafunguliwe, na madirisha yaliyokwama yatengenezwe kabla ya kununua kiyoyozi kingine chochote.

Tano, na hili ndilo la kisiasa zaidi, watumishi wa afya wapewe haki ya kujua. Muuguzi, mfanya usafi, mwanafunzi wa uuguzi aliye katika mafunzo kwa vitendo, wote huvuta hewa hiyo kwa saa nyingi kuliko mgonjwa yeyote. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na serikali ni mwajiri. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inaitambua haki ya kuishi na ya kupata hifadhi ya maisha kutoka kwa jamii. Sioni namna haki hiyo inavyoweza kukoma kwenye kizingiti cha wodi.

Nchi hii si mgeni katika mapambano haya. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulioanza mwaka 1977, ambao Karel Styblo alishirikiana na wataalamu wetu kuujenga, ndio uliokuja kuwa kielelezo cha mkakati wa tiba ulioenezwa duniani kote. Nguvu yake haikuwa mashine za bei kubwa. Ilikuwa uhakika wa dawa, kumbukumbu zilizoandikwa vizuri katika rejista, na msimamizi wa wilaya aliyefuatilia. Wakati ule tulichagua kupima matokeo, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Kuongeza safu moja ya hewa katika rejista hiyo ya kitaifa ni kazi iliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwa wanafunzi wangu wa usanifu, uhandisi, udaktari na sera: hapa kuna tasnifu nyingi zinazosubiri, kwani vipimo vya wodi zetu wenyewe ni vichache mno. Kwa wanaharakati: ombeni namba ya hewa kama mnavyoomba bajeti ya dawa. Na kwa ndugu zangu watumishi wa umma mnaokaa katika kamati za mapokezi ya majengo: safari ijayo mkiitwa kukagua wodi mpya, kabla ya kutia saini, simameni katikati yake milango ikiwa imefungwa kama itakavyofungwa usiku. Ulizeni hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Mkandarasi asipokuwa na jibu, msisaini.